Sindano ya Surua na Machozi ya Paulina

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ya sabini ikielekea mwisho. Surua ilikuwa imeshaua watoto bondeni Mang'ola, nasi wa huku juu Karatu tulikuwa tukiingojea kwa hofu. Nilikuwa nimeolewa karibuni, mtoto wangu wa kwanza ndiyo kwanza anaanza kutambaa.

Nesi alifika na Landrova, chanjo zikiwa kwenye sanduku la barafu, tukakusanyika nyumbani kwa balozi wetu wa nyumba kumi. Lakini maneno yalikuwa yamemtangulia. Eti sindano ile inawafunga mabinti kizazi.

Jirani yangu Paulina alikuwa na hofu nyingine kabisa. Mtoto wake wa kwanza aliwahi kuchomwa sindano, akapata homa, akafa. Sasa alimkumbatia wa pili, Safari, akasema, "Huyu hapana." Kusikia hivyo, wenzetu wakaanza kufunga watoto mgongoni waondoke.

Balozi akafoka, "Ujinga wenu utatumaliza!"

Mama mkwe wangu, mpole yule, sikuwahi kumsikia akimjibu mwanamume mbele za watu. Siku hiyo alisimama.

"Baba, huyu amezika mtoto. Usimtukane. Mjibuni."

Nesi akaketi kwenye majani karibu na Paulina.

"Dada, mtoto wako yule sikumwona, sitakudanganya kwamba najua kilichomuua. Ila surua naijua, natoka kuiona Mang'ola. Chanjo hii inaufundisha mwili kupigana nayo kabla haijafika. Baada ya wiki hivi Safari anaweza kuchemka kidogo, halafu atapoa."

"Akichemka, wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuja kumwona."

Paulina alilia sana, kisha akamfunua mtoto bega. Nami nikafuata na wangu.

Wiki iliyofuata Safari akachemka kweli. Paulina alinijia mbio, hana hata viatu, tukamkanda mtoto kwa maji. Mchana lori la vitunguu likasimama barabarani, likitokea Mang'ola. Nesi akashuka, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Alikaa nasi mpaka jioni, Safari alipoomba uji. Kesho yake wale walioondoka wakaja kuuliza sindano itarudi lini.

Ilirudi. Ila kwa nyumba mbili za kule mtoni, surua ilikuwa imeshatangulia. Safari wa Paulina haikumgusa.

Basi mwanangu, ukiogopa chanjo, uliza; wala usione haya. Muulize aliyesomea kazi hiyo, siyo aliyesikia njiani. Na siku ukiwa wewe ndiye unayejua, usimcheke mwenye hofu. Keti naye, mwambie ukweli wote, hata ule wa homa, na ukiahidi kurudi, rudi.

Mungu akupe watoto, na akujalie uzeeke ukiwaona wote.