Tarehe Aliyoificha Mama

Kwa zaidi ya mwaka, mama yangu alikuwa msikilizaji wetu wa kwanza. Asubuhi, kabla sijamaliza kuvaa viatu vya kwendea kazini, nilimsikia uani akipeta mchele, simu yake ameiegemeza kwenye kopo la chumvi, na sauti yangu mwenyewe ikitoka humo ikisema: siku kama ya leo.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nafundisha sekondari hapa Mwanza, upande wa Butimba, lakini nyumbani ni Kirumba, kwenye nyumba ya mama, huku juu kwenye mawe ambako harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni hutufikia kabla ya jua. Podikasti haikuwa wazo langu. Lilikuwa la mwenzangu mmoja niliyesoma naye, fundi simu, mtu asiyetulia. Yeye alitafuta matukio kwenye magazeti ya zamani na vitabu, na alikuwa na moyo wa kwenda kuwauliza wazee. Mimi nilinyoosha lugha na kusoma. Tulirekodi jioni, nikitoka shule, kwenye chumba nyuma ya duka lake. Alikuwa amesimamisha magodoro ukutani ili mlio wa pikipiki usiingie. Kila siku tukio moja, dakika sita au saba, basi.

Nilichojifunza mapema ni kwamba hakuna tarehe safi. Ukifungua ukurasa wowote wa kalenda, kuna mtu ameuawa, kuna mji umechomwa, kuna mgodi umewafukia watu. Kwa ajili ya Jumapili tulijaribu kutafuta kitu chepesi, daraja lililofunguliwa au timu iliyochukua kombe, na mara nyingi mwenzangu alirudi na njaa au kipindupindu. Nikazoea. Nilijua mahali pa kushusha sauti, mahali pa kunyamaza kidogo baada ya kutaja waliokufa, na namna ya kuipandisha tena ili kuwaaga wasikilizaji. Watu walinisifu kwa hilo. Naona haya kusema, lakini nilizipenda zile sifa.

Baba yangu sikumjua. Nilikuwa na miaka minne alipofariki, tukiwa bado tunaishi kisiwani. Nilichoambiwa ni kwamba alikwenda kuvua dagaa, upepo ukachafuka, ziwa likamchukua. Mama hakuongeza neno, nami sikuuliza sana. Huku kwetu kupotelea ziwani si habari ya ajabu. Darasani kwangu nilikuwa na wenzangu watatu ambao baba zao walikwenda hivyo hivyo. Sikuwahi kuuliza ilikuwa mwezi gani. Sikuwahi kushangaa kwamba hatukuwa na siku ya kumkumbuka, wala kwamba ndugu zake hawakuwahi kututembelea.

Siku yenyewe nilichelewa kutoka shuleni, tulikuwa na kikao. Nilifika dukani nimechoka, mwenzangu akanipa karatasi, akaniambia safari hii amepata kitu cha hapa hapa ziwani, kitu ambacho vijana hawakijui. Kilihusu mtumbwi wa injini uliokuwa ukileta abiria na mizigo kutoka kisiwani siku za gulio, ukazama asubuhi moja, miaka thelathini na ushee iliyopita. Alikuwa amezungumza na mzee mmoja aliyenusurika kwa kushikilia dumu. Niliipitia karatasi mara moja tu, nikarekebisha sentensi mbili, nikakaa mbele ya maikrofoni.

Nilisoma vizuri. Nilisoma kwamba mtumbwi ulikuwa umejazwa kupita kiasi, magunia ya mihogo na mkaa, na watu juu ya magunia. Nilisoma kwamba nahodha alikuwa amelewa tangu usiku wa kuamkia siku hiyo, na kwamba aliugeuza mtumbwi ubavu kwenye wimbi, kosa ambalo hata mtoto wa mvuvi hawezi kulifanya. Neno "mtoto wa mvuvi" nililiongeza mimi, kwa kuwa niliona linaipa sentensi nguvu. Jina la nahodha halikuwa kwenye karatasi. Mzee alikuwa amekataa kulitaja.

Asubuhi iliyofuata nilimsikia mama akiwasha simu kama kawaida. Nikaingia kuoga. Nilipotoka, uani palikuwa kimya na ungo ulikuwa chini, mchele umemwagika. Nilimkuta chumbani amekaa kitandani, simu imezimwa. Nikamwamkia, hakuitikia. Nikamuuliza kama anaumwa. Akasema kichwa. Nikamwachia dawa na maji, nikaenda kazini.

Alikaa hivyo siku nne. Alikula kidogo, alijibu alipoulizwa, lakini hakunitazama. Nilitaka kumpeleka hospitali, akakataa. Nilidhani ni presha. Jumapili alikwenda kanisani peke yake, akarudi, akabadilisha kitenge, akaniita nikae naye kwenye mkeka jikoni.

"Yale maneno uliyosoma ya mtumbwi," akasema, "nani alikuandikia?"

Nikamwambia ni mwenzangu.

"Na yeye alimuuliza nani?"

"Mzee mmoja aliyenusurika. Yuko Sengerema sasa."

Nje watu walikuwa wakitoka ibada ya pili, wanasalimiana.

"Amesema kweli," akasema. "Ila hakusema kwamba yule nahodha alikuwa na mke. Na mtoto wa miaka minne."

Nitasema ukweli: sikuelewa mara moja. Mimi ninayewafundisha watoto kupanga matukio kwa mfuatano, nilikaa pale nikimtazama mama mdomoni, nikisubiri aendelee. Kisha nikahesabu miaka, na mtoto huyo akawa mimi.

Akanisimulia, bila kulia, macho yake kwenye jiko. Baba alikuwa mtu wa kazi, lakini pombe ilikuwa imeanza kumshinda mwaka ule. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa kwenye msiba wa jirani, akanywa hadi alfajiri. Alirudi kuchukua koti. Mama aliona macho yake, akaona namna anavyoushika mlango. Alimwambia asiende, wakagombana, na maneno yakawa mabaya. Baba akatoka. Mama akamfuata na chakula chake, maana hata hivyo alikuwa mumewe na hakuwa ametia kitu tumboni.

Ufukweni abiria walikuwa wamekwisha kukaa. Wanamwita, wanamcheka kwa kuchelewa. Wengine wana kuku, wengine wana watoto mgongoni.

"Nilisimama pale," mama akasema. "Nilikuwa na maneno mdomoni. Kusema jamani shukeni, huyu amelewa. Nikaona aibu. Mwanamke anamwaibisha mumewe mbele ya kijiji kizima? Nikajiambia upepo wa ziwa utamzindua."

"Hukujua, mama."

"Nilijua. Usinitetee. Mtumbwi ulikuwa mzito umekwama kwenye mchanga, wakaomba watu wasukume. Nikaweka chakula ndani, nikaingia majini hadi magotini, nikasukuma na mimi."

Mengine aliyasema kwa kifupi. Mtumbwi ulizama wakiwa bado wanaonekana kwa mbali. Maiti zililetwa na mitumbwi ya wavuvi, zikalazwa mchangani, zikafunikwa kwa khanga za wanawake waliokuwa wakilia pale pale. Baba alipatikana siku ya tatu. Hakuna aliyekubali kumchimbia kaburi isipokuwa katekista na kaka wawili wa baba, nao walichimba kwa haraka, macho chini. Mtu alirusha jiwe kwenye bati letu. Juma lililofuata kaka mkubwa wa baba alimwambia mama ni heri aondoke na mtoto, kwa kuwa watu wana hasira na yeye hataweza kuwazuia. Tukavuka kuja Mwanza na mzigo mmoja. Mama akaanza kuanika dagaa za watu pale Mwaloni, na akaamua kwamba sitakua nikiitwa mtoto wa yule aliyezamisha watu.

Nilimkasirikia. Siwezi kuficha hilo. Nilimwambia kwamba miaka yote hii nasimama mbele ya watoto nawafundisha habari za wafalme wa Ulaya, na ya kwangu sijui. Akasema ni kweli. Sikuwa na mtu wa kugombana naye, maana kila nilichosema alikikubali. Baadaye hasira ikanirudia mwenyewe. Nilikumbuka jinsi nilivyoshusha sauti kwa ustadi, na yale maneno yangu ya mtoto wa mvuvi, na mama akiyasikia huku mikono iko kwenye mchele.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa mwenzangu, nikamweleza. Alishika kichwa, akaomba radhi mara nyingi, akasema atakifuta kile kipindi sasa hivi. Lakini kabla sijatoka nyumbani mama alikuwa amenionya.

"Msikifute," aliniambia. "Waliokufa wana ndugu zao, na ndugu hao wanasikiliza."

Na kweli walikuwa wanasikiliza. Mwenzangu alinionyesha ujumbe uliokuwa umeingia, mwingi kuliko wa kipindi chochote. Mmoja aliandika kwamba alimpoteza mama yake na shangazi yake kwa pamoja. Mwingine alisema tu asante kwa kuwakumbuka. Ujumbe mmoja ulitoka kwa mwanamke wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa, ambaye dada yake alikuwa mle, mjamzito, na hakupatikana kamwe. Aliuliza kama tunamfahamu mtu yeyote aliyewaona siku ile wakiondoka.

Nilikaa na ujumbe huo siku mbili, kisha nikampa mama. Akaniambia nimwite.

Yule mwanamke alivuka na pantoni siku ya Jumamosi. Alikuwa mama wa makamo, amevaa gauni la kanisani, ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu mimi ni nani na mama yangu ni nani, naye akasema atakuja. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba. Nikaleta chai na viazi.

"Nataka kujua alikaa wapi," yule mgeni akasema hatimaye. "Dada yangu. Alikuwa na kitambaa cha njano kichwani."

Mama hakutafuta kwenye kumbukumbu. Jibu lilikuwa pale pale.

"Alikaa mbele, juu ya gunia la mihogo. Alivua ndala zake akaziweka mapajani, zisilowe. Alikuwa anacheka na mwenzake."

Mgeni akainama, akalia kwa kifua tu, bila sauti. Nilidhani hapo ingetosha. Niliomba kimoyomoyo iishie hapo. Lakini mama alimsubiri hadi akajifuta, kisha akamwambia yote: macho ya baba, mlango, ugomvi, aibu, na kwamba aliusukuma ule mtumbwi kwa mikono yake akijua. Hakuomba msamaha. Nadhani aliona kwamba kuomba kungekuwa kumtwisha yule mwanamke kazi nyingine.

Mgeni alisimama. Chai yake haikuguswa. Alitazama ukutani, kwenye kalenda ya parokia, kama mtu anayesoma, kisha akachukua mkoba wake akatoka. Nikamfuata. Tuliteremka kwenye mawe hadi barabarani, na nikampeleka hadi kwenye gati. Watu walikuwa wameanza kuingia. Akageuka.

"Mimi sikuja kusamehe," akaniambia. "Wala sikuja kulaani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Sasa nimejua mtu alikuwepo ambaye angeweza kusema neno, na nitaishi na hilo. Mwambie mama yako nimesikia."

Nilimwambia mama hivyo hivyo, sikupunguza. Akaitikia kwa kichwa, akaondoa vikombe.

Yule mwanamke hakurudi tena, wala hakuandika. Mimi niliacha kusoma kwa miezi miwili, mwenzangu akasoma mwenyewe na watu wakalalamika. Nimerudi sasa, lakini karatasi siipitii mara moja tu. Namuuliza mwenzangu ni nani aliyebaki, na kama bado yuko hai, na kama tumemgongea mlango kabla ya kumsoma. Mara nyingine tunaacha tukio zuri kwa sababu hiyo, na yeye hununa.

Mama hasikilizi tena. Aliniomba niitoe kwenye simu yake, nikaitoa. Afya yake si nzuri. Anapika kidogo, analala mchana, na kuna siku ananieleza kitu cha baba bila kuulizwa: kwamba alijua kushona nyavu kuliko wote, kwamba alipenda uji wa ulezi usio na sukari. Nasikiliza. Sijui bado nimweke wapi mtu huyu moyoni mwangu, maana nimempata siku ile ile niliyowapata waliokufa kwa sababu yake.

Tarehe ilipozunguka tena mwaka huu, mama aliomba nia ya kuwaombea marehemu kwenye misa ya asubuhi. Aliniandikisha mimi karatasi ya nia, kwa kuwa mkono wake unatetemeka. Mstari wa kwanza alisema niandike: wote waliokuwa katika mtumbwi. Wa pili akanitajia majina ya baba, yote matatu. Padri aliyasoma katikati ya nia nyingine, za wagonjwa na za watoto wa mitihani, bila kujua anachosoma. Kwenye benchi la mbele yetu mzee mmoja, aliposikia majina hayo, aligeuka nusu akatutazama, akaendelea kututazama, kisha akarudisha uso altareni. Mama alimwona. Hakuinamisha kichwa.