Siku Nilipotoa Makochi Nje

Mwaka mzima tangu nihamie kufundisha hapa Mbinga, hakuna jirani aliyewahi kubisha hodi kwangu. Nikajidanganya kwamba tatizo ni sebule. Jumamosi, nikifuata picha za nyumba za Kiafrika za kisasa nilizoziona kwenye simu, nikatoa makochi yote nje, nikashusha kalenda na mapazia ya maua, nikatandika mikeka miwili na kutundika ungo mmoja ukutani. Basi.

Kabla ya saa nane akina mama wa mtaani wakaanza kuingia, kanga viunoni, wengine na kuni, mmoja na unga. Wakavua ndala, wakaketi mikekani kimya. Nikajua sebule imewagusa. Mjinga mimi nikawapitishia chai huku natabasamu, nikiwaambia nilitaka mahali penye utulivu. Wakatikisa vichwa kwa huruma.

Mama Stella, tunayepakana naye ukuta, akanishika mkono. “Pole, Mwalimu. Tumeona makochi nje. Umefiwa na nani?”

Nikaitazama sebule iliyojaa watu. Mungu anisamehe, nilitafuta kwanza jina la kuwapa ili wasiondoke.

“Hakuna, mama,” nikasema. “Nilikuwa napamba.”