Kofia za Mama Kutoka Deira

Harufu ya nafthalini, vile vidonge vyeupe vya kufukuza wadudu kwenye nguo, hunitia hasira hadi leo. Ndiyo iliyotutangulia kila tulipofungua boksi la kago ambalo mama alituma kutoka Dubai kabla baridi ya Julai haijaingia kwetu Kinangop. Ndani mlikuwa na sabuni, peremende na kofia yangu ya sufu. Mwaka niliotimiza miaka saba kofia ilikuwa nyekundu, na haikunifikia masikioni. Nyanya, aliyekuwa akinilea, aliivuta kwa mikono miwili hadi machozi yakanitoka, kisha akafunga kamba zake chini ya kidevu. "Vaa, mama yako amehangaika," alisema. Sufu iliniwasha, kamba zikanichubua, na nilipita kwenye nyasi zenye umande ulioganda kwenda shuleni masikio yakiwa nje, yakiuma. Siku niliyoivua njiani nilichapwa.

Mama aliondoka nikiwa na miaka mitatu, na kila mwaka alinunulia kofia kichwa kile alichokiacha. Mimi sikulijua hilo. Nilidhani kichwa changu ndicho kibaya.

Jumapili moja ya baridi hiyohiyo mama alipiga simu, sauti imejaa furaha, akamsimulia nyanya habari za mtoto aliyekuwa akimlea huko, wa madam wake, yaani mwajiri wake; mtoto alikuwa akiandaliwa safari ya nchi ya theluji ya kusini mwa dunia na hakutaka kofia. "Nimeishonea kitambaa cha pamba kwa ndani isimuwashe," alisema. "Namvalisha mwanasesere kwanza, halafu yeye, kidogo kidogo akiwa anacheza. Sasa hataki hata kuivua!" Nyanya alicheka. Mimi nilisimama pale nikijikuna, nikamchukia yule mtoto nisiyemjua, na mama nikamchukia zaidi. Kumbe alijua! Alijua kwamba sufu inawasha na kwamba mtoto halazimishwi, na ujuzi huo wote uliishia kwenye kichwa cha mwingine. Nilipopewa simu nilisema tu, "Asante kwa kofia."

Leo niko Al Warqa, hukohuko Dubai, mimi mwenyewe, nalea mtoto wa watu, na mama ndiye anayemlea binti yangu Kinangop. Juzi madam aliniambia, "Tunasafiri kwenye theluji, mzoeshe kofia." Nikafanya yaleyale ya mama, na siku ya tatu mtoto alikubali. Nilijiona hodari. Siku yangu ya mapumziko nilikwenda Deira, kwenye maduka ambako mama alikuwa akininunulia zangu, kumnunulia binti yangu kofia, nikiapa kwamba yake itamtosha. "Kichwa kikubwa kiasi gani, sista?" muuzaji aliuliza. Nikainua mikono nikamwonyesha upesi, bila kufikiri. Aliponiletea kofia niliigeuza, nikaiona imefaa kabisa, na hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimempimia kichwa cha mtoto wa madam. Cha binti yangu sikijui.