Neno Langu na Ndesanjo

Wanasema nilikuwa mwanamke mbaya. Na waseme! Miaka mitatu nilimzuia Ndesanjo kula Chakula cha Bwana, mimi Susana, mke wa Mika Sumari, mkulima wa kahawa wa huku mlimani Meru. Sikumroga, sikumchomea nyumba. Nilisimama tu kanisani, nimejifunga kitambaa safi kichwani, nikasema neno langu.

Ilikuwa mwaka uliofuata baada ya ndugu zetu kufukuzwa na Serikali ya Waingereza kwenye ardhi yao ya Ngare Nanyuki. Mika alishuka Kimandolu na mikungu miwili ya ndizi, akasimama kando ya barabara ya Moshi kungoja wanunuzi. Ndesanjo alikuwa Mchagga mwenye duka palepale, msharika mwenzetu kanisani, na lori lake aliliendesha mwenyewe. Breki zilikuwa zimekufa, na alijua. Wiki nzima watu walimwona akilisimamisha kwa kusukumiwa jiwe chini ya tairi. Siku hiyo jiwe halikuwahi. Lori lilimbana Mika ukutani, na hospitali wakamkata mguu juu ya goti.

Ndesanjo alikuja wodini na kilo mbili za sukari. "Pole sana, Mama Ruth," akaniambia. "Usiwe na wasiwasi. Gari lina bima, bima italipa kila kitu." Nami nikamshukuru! Mdomo wangu huu ukamwambia Mungu akubariki, baba. Polisi walipotaka hiyo karatasi ya bima, akapekua mifuko, akapekua duka, akasema panya wamekula. Panya gani anayekula bima akaacha unga? Hakuwahi kuikata hata siku moja.

Tukaenda korti ya mjini. Hakimu alikuwa Mzungu mwenye miwani, akamtoza Ndesanjo faini kwa kuendesha gari bila bima. Ndesanjo akalipa mbele ya macho yangu, nami nikasogea mezani nikakinga mikono. Karani akanitazama.

"Mama, hii faini ni ya Serikali."

"Serikali ya nani?"

"Ya Malkia."

"Kwani Malkia ndiye aliyekatwa mguu?"

Askari akanishika mkono akanitoa nje. Nilipiga kelele mpaka sokoni wakanisikia. Baadaye karani yule akanifuata, akanieleza kwamba fidia hudaiwa kwa kesi nyingine, nifungue madai. Nikauza mbuzi, nikafungua. Nikashinda, lakini loo, nilishinda nini! Waliotumwa kukamata lori walikuta limeandikwa jina la shemeji yake wa Moshi. Duka nalo likawa la mkewe. Ndesanjo akabaki hana kitu duniani ila kofia aliyoivaa.

Na Mika je? Kihamba chetu, shamba letu la urithi la kahawa na ndizi, kimeinama kama paa la nyumba. Mtu mwenye magongo hawezi kusimama pale hata dakika moja. Alikuwa akishuka kwa makalio, mti kwa mti, akipogoa matawi ya chini anayoyafikia, na ya juu akiyatazama tu. Daktari alimwambia Nairobi kuna fundi anayetengeneza mguu wa bandia wenye goti, ambao mtu akiuzoea hupanda nao mlima. Basi Mika hakuzungumza kitu kingine tena. Jioni alinionyesha kwa fimbo njia atakayopita siku akiupata, kwanza mfereji, halafu miti ya baba yake. Hicho tu ndicho alichokitaka. Mimi nilikitaka pia, Mungu ni shahidi. Ila na Ndesanjo nilimtaka.

Usharikani kwetu, Jumamosi kabla ya Chakula cha Bwana, watu hukutana kanisani kujitayarisha. Mzee wa kanisa husimama na daftari akauliza, "Kuna mwenye neno na mwenzake?" Mwenye neno husimama akamtaja, na wote wawili huandikwa. Hawaendi mezani mpaka wapatane. Mara nyingi huwa ni habari za mipaka na kuku, watu wanapeana mikono palepale, wanacheka.

Jumamosi hiyo Mzee Elisaria aliuliza kama kawaida. Nikasimama. "Mimi nina neno na Ndesanjo. Amekula mguu wa mume wangu, na kesho anataka kula na mwili wa Bwana."

Weee! Kanisa zima likaguna. Ndesanjo aliinamisha kichwa, na Jumapili akabaki kwenye benchi, yeye na suti yake, watoto aliowasimamia ubatizo wakimpita kwenda mezani. Nami nilibaki kwenye langu, maana tuliandikwa wote wawili. Nilimtazama ibada nzima. Sikuwahi kuona raha kama ile.

Nilisimama tena ibada iliyofuata, na iliyofuata. Mvua, baridi, nimo. Watu wakaanza kunitania, "Mama Ruth, leo hujachoka?" Mika alinisihi niache. Yeye alikuwa amekwisha kumsamehe, alienda mezani na magongo yake kila mara. "Hasira hasara, mke wangu," aliniambia. Nikamjibu kwamba dawa ya moto ni moto.

Na dawa ikafanya kazi. Mwaka wa tatu binti wa Ndesanjo akachumbiwa na watu wakubwa, wakwe wakataka kujua kwa nini baba wa bibi harusi hali Chakula cha Bwana. Akahangaika. Jumamosi moja akaja na wakwe zake wawili wa kiume, akatoa bahasha, akamkabidhi Mzee Elisaria mbele ya washarika.

Elisaria akahesabu, akatabasamu. "Mama Ruth, Ndesanjo ameleta gharama ya mguu wote, na nauli ya Nairobi juu yake. Yamekwisha. Mpe mkono."

Ndesanjo akanyoosha mkono. Macho yake yalikuwa kwa wakwe zake. Ningeupokea, ningekuwa nimeshinda. Lakini nilipomwona anavyowaogopa hivyo, damu ikanichemka, nikaona kumbe naweza kupata zaidi.

"Apige magoti," nikasema. "Ampigie Mika magoti, hawa wakwe zake wakiona."

"Mama Ruth," Mika akanivuta kanga, "inatosha."

"Thubutu! Haijatosha!"

Ndesanjo akawatazama wakwe zake. Uso ulimbadilika. Akaichukua bahasha mkononi mwa Elisaria, taratibu, akaitia ndani ya koti. "Mama huyu hataki mguu," akasema, kisha akatoka, na wakwe zake nyuma yake.

Tulipopanda kwenda nyumbani Mika aliketi kando ya njia kila nilipomfikia, akaniacha nitangulie. Nikadhani amechoka na mlima.

Harusi ikafungwa Moshi, kwa mashemeji. Baada ya mwezi duka likafungwa, Ndesanjo na mkewe wakahamia hukohuko, na bahasha yake. Mika aliacha kunionyesha njia ya mfereji. Jioni alikaa mlangoni ameupa mgongo mlima, nikimwongelesha anaitikia "ndiyo" na "hapana".

Jumamosi ikafika tena. Mzee Elisaria akauliza, "Kuna mwenye neno na mwenzake?"

Nikasimama.

"Mama Ruth," akasema kwa upole, "Ndesanjo ameshahama."

"Neno langu halijahama!"

Watu wengine wakacheka chinichini. Ndipo nikasikia magongo yakigonga sakafu upande wa wanaume. Mika alikuwa anainuka. Mtu ambaye hakuwahi kumshitaki hata jirani aliyemwibia ndizi! Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikajisemea, leo naye amewaka, leo Ndesanjo atafuatwa mpaka hukohuko Moshi.

"Nina neno," Mika akasema.

"Na nani, Mzee Sumari?"

"Na mke wangu."

Hakunitazama. Alimtazama Elisaria na daftari lake.

"Mguu wa kwanza alinichukulia Ndesanjo," akasema. "Wa pili amenichukulia huyu."

Elisaria akachovya kalamu, akaandika majina mawili, la Mika na langu.