Reli Iliyopinda Machoni mwa Papa Kalenga

Nakumbuka asubuhi moja ya ujana wangu, kwenye reli ya kwenda Kambove, Papa Kalenga alipotuamuru tunyooshe reli iliyokuwa imenyooka.

Alikuwa shefu, mkubwa wa kikosi chetu cha kutengeneza reli. Siku hiyo aliinama, akafumba jicho moja, akasema, "Batoto, reli imepinda. Mulete mitalimbo."

Tukaangalia. Ilikuwa sawa kabisa. Nami, Mwanangu, nilikuwa nimetoka shule ya sekondari juzijuzi, mdomo mwepesi. Nikasema mbele ya wote, "Papa Kalenga, reli iko muzuri. Pombe ya jana njo imepinda." Wenzangu wakacheka hadi wakakaa chini.

"Sikunywa kitu, mutoto," akajibu. "Nasema vile naona."

Utani ule niliurudia kila mahali, mpaka ukawafikia wakubwa. Wakamwachisha kazi kwa ulevi. Alikufa haoni tena uso wa mtu. Kosa la kufukuzwa kwake ni langu, sina wa kumtupia.

Sasa sikia. Mwaka jana nilikuwa nakunywa chai nyumbani, nikaona fremu ya mlango imejikunja katikati. Nikafumba jicho la kulia, mlango ukanyooka. Nikafumba la kushoto, ukapinda tena. Nilijua papo hapo Papa Kalenga alikuwa ameona nini. Mke wangu alisema tungoje Jumatatu, maana jicho haliumi wala si jekundu. Nilikataa, nikaenda siku ileile.

Munganga wa macho, daktari binti mdogo kuliko wanangu, alinieleza jambo linalonisisimua hadi leo. Uzeeni, taka ndogondogo hujikusanya nyuma ya jicho, chini ya utando unaopokea picha. Kinga ya mwili huzidhania adui, ikawasha uvimbe kama ule wa kidonda. Lakini kidonda hupona. Uvimbe huu hubaki ukifuka miaka na miaka, ukila mahali penyewe pa kuonea. Kwa wengine huota mishipa mibovu ya damu inayovuja, na hapo mistari hupinda.

"Na haiumi, papa," alisema. "Njo maana bantu banachelewa. Na sigara inazidisha."

Nilivuta tangu siku zile za reli. Nilipomsimulia habari ya Kalenga, akasema inaelekea ulikuwa ugonjwa huohuo. Akanichoma sindano, ndiyo, ndani ya jicho, mara kadhaa. Leo mlango wangu umenyooka karibu wote! Aibu ya yule mzee ndiyo iliyoniokolea jicho.

Jumapili moja, baada ya misa, nilikwenda mtaa wa Kamalondo kwa Mama Odette, binti wa Papa Kalenga. Nikamwambia baba yake hakuwa mlevi, alikuwa mgonjwa, na mimi ndiye niliyemchafulia jina. Mama Odette akaita wanawe, "Mukuye hapa bote." Akanigeukia. "Papa, sema tena. Basikie."

Nikasema tena, nimesimama.

Basi, Mwanangu, mzee akikuambia anaona mambo yamepinda, usimcheke; mpeleke kwa munganga siku hiyohiyo. Sigara iache ungali kijana. Na ukizeeka, fumba jicho moja, kisha lingine, uutazame mlango wako. Mungu akulindie macho yote mawili, na akupe mtu wa kukuamini siku utakayosema huoni vizuri.