Barua Haichimbi Kaburi

Miaka ile ya mageuzi, mtu mwenye shahada ya haki za binadamu hakulala njaa. Vyama vimeruhusiwa, wafadhili wamefika, na kila hoteli ya Mwanza yenye kiyoyozi ina semina. Mimi nilikuwa profesa Ulaya na wakili wa kimataifa. Nilitetea watu wa nchi ambazo majina yake nilijifunza kuyatamka nikiwa kwenye ndege. Mada niliyobobea ilikuwa haki ya mtu kutotengwa na jamii yake. Nimeiandikia kitabu, tena kinene.

Mama yangu, kijijini kwetu Kisesa, alikuwa ametengwa.

Habari nilipewa na dada yangu aliyeolewa Igogo, kwa simu ya kulipia iliyokatika mara mbili. Kosa la mama lilikuwa mimi. Kwetu msiba ni wa wote: kila kaya hutoa mwanamume akashike jembe na sululu, kaburi lichimbwe. Baba alishafariki, kwa hiyo mwanamume wa kaya ile nilikuwa mimi, na kwa miaka yote niliyokaa ughaibuni sikuwa nimechimba hata shimo la mgomba. Wazee walivumilia, wakaonya, mwisho wakapitisha: mama asisalimiwe, asipewe maji wala moto, na siku akifa, huyo msomi wake aje amzike peke yake. Maji na moto mama angejitafutia. Hilo la kuzikwa ndilo lililomkondesha.

Je, nilipanda ndege? Thubutu. Niliandika barua. Kurasa nne, karatasi yenye nembo ya chuo, ibara za mikataba zimejipanga humo, na mwishoni nikawapa wazee wa Kisesa siku thelathini wawe wamenijibu. Hadi leo nikikumbuka zile siku thelathini natamani kujizaba kibao.

Dada alinisimulia huku akicheka. Katibu aliisoma barua mkutanoni neno kwa neno, na wazee wakasikiliza kwa adabu ambayo Geneva sijawahi kuipata. Ilipokwisha, mzee mmoja, jirani tuliyepakana naye shamba, akauliza kama hiyo barua inaweza kuchimba kaburi. Wakaiangalia, wakaona haiwezi. Faini ya kumrudisha mama kundini ikapanda kutoka mbuzi hadi dume la ng'ombe, na kuni za kulipikia nije nizichanje mwenyewe.

Nilikuja. Lakini msinipongeze, maana nilikuja kwa sababu kulikuwa na semina Mwanza na tiketi walinilipia. Nikasoma mada yangu juu ya kutengwa, nikapigiwa makofi, nikala sato wa kukaanga, ndipo nikaenda Kisesa kwa gari la semina.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

Nilikuwa nimekula. Alikuwa amekonda, kanga inamzunguka mara mbili. Wanawake waliopita njiani waligeuza nyuso kama vile nyumba yetu haipo. Niliona aibu, na haikuwa aibu ya kuandikia mada.

Siku ya pili asubuhi tukasikia msiba. Aliyefariki ni yule yule jirani aliyeuliza kuhusu barua. Nikatoa sululu ya marehemu baba uvunguni, nikaenda bila kualikwa. Hakuna aliyenisalimu. Ardhi yetu ni mawe matupu, na mimi chombo kizito nilichozoea kushika ni kitabu changu mwenyewe. Vijana walicheka waziwazi. Ngozi ya viganja ilitoka, nikaendelea. Kaburi lilipofika kifuani, mtu mmoja akaniinamia na kata ya maji, akasema, "Pole na kazi." Machozi yalinitoka, nikasingizia vumbi.

Dume nililitoa, likachinjwa, likaliwa. Kuni nilichanja vibaya mpaka akina mama wakaninyang'anya shoka. Jioni ile ile walianza kumiminika uani kwetu, wakimsalimu mama kwa sauti za juu, naye akaitikia mmoja mmoja, bila haraka, kama mtu anayekula baada ya kufunga.

Walipoondoka alinifunga viganja kwa kipande cha kanga kuukuu.

"Pole, baba."

"Nimeshapoa, mama."

"Sasa hata nikifa kesho, watanizika," alisema akikaza fundo, bila hasira yoyote. "Wewe rudi tu huko kwenu."