Nyamburi Hakukonda kwa Shida

Wasikudanganye. Nyamburi Magige hakunyimwa chakula, hakuugua, wala hakupigwa na mumewe. Alikonda kwa kutaka mwenyewe, na pale Butiama hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote matatu.

Maana huku kwetu mke aliyetolewa ng'ombe wa mahari hakondi hivihivi. Nyamburi alitoka kwao Nyamuswa kuolewa na Enos akiwa binti mwenye mwili wake, akazaa wanne, akanenepa mpaka mashemeji wakawa wanajisifu kanisani: "Kwa Enos kunaliwa!" Naye alikuwa akijipenda, na nani asingejipenda?

Ndipo wakaja watu wa utafiti kutoka Musoma, wakaomba wanawake wa kujitolea. Nyamburi alikwenda kwa udadisi tu. Wakampima kiuno kwa utepe, wakachukua damu, na baada ya miezi miwili mmoja wao, Daktari Flora, akamkalisha kwenye benchi la zahanati.

"Mama, mafuta ya mwilini si mzigo tu wa kubeba. Yanatoa homoni," akamwambia. "Moja inaitwa leptini. Kazi yake ni kuuambia ubongo kwamba umeshiba, acha kula. Yako imejaa kwenye damu, inapiga kelele mchana kutwa, na ubongo umezoea kelele, hausikii tena. Nyingine, adiponektini, inausaidia mwili kutumia sukari vizuri. Hiyo yako iko chini sana."

"Kwa hiyo nina sukari?"

"Bado. Vipimo hivi peke yake havisemi utaugua. Ila ukiweka pamoja na kiuno chako na ugonjwa wa mama yako, vinaonyesha unakoelekea. Bado una nafasi ya kugeuka."

Sukari! Neno hilo lilimkata maini. Mama yake alikufa nayo, baada ya kidonda cha kidole kupanda mpaka hospitali ikakata mguu. Nyamburi alitoka zahanati na hofu, lakini alipofika nyumbani ilikuwa imegeuka hasira. "Mimi? Thubutu!" akasema peke yake jikoni.

Akapunguza ugali nusu, akaongeza mlenda, sato akawa wa kuchemsha badala ya kukaanga. Soda zikakoma. Bodaboda wa kumpeleka sokoni akaachana naye. Kila asubuhi akawa anatembea na kapu kichwani, kwenda na kurudi. Ulipopita mwaka, gauni la kitenge alilovaa kwenye kipaimara cha mwanawe lilikuwa linampwaya.

Na midomo ikafunguka. Wengine walisema ana ule ugonjwa. Wengine wakasema Enos ana mwanamke kule machimboni Buhemba, ndiko chakula kinakokwenda. Mama mkwe wake, Bibi Esta, alilia waziwazi: "Unatuaibisha, mwanangu. Watasema tunakushindisha njaa." Enos, mwanamume mpole kupita kiasi, alibaki kukuna kichwa.

Jumapili moja baada ya misa, pikipiki mbili zikasimama uani. Alikuwa Wanzagi, kaka yake mkubwa, tumbo limemtangulia, amevaa ndala na kidole gumba cha mguu kimefungwa kitambaa. Alikuja na baba zao wadogo wawili. Nyamburi akawaamkia, akawatengea ugali na kuku, lakini Wanzagi hakugusa chakula.

"Shemeji," akamgeukia Enos, "dada yetu tulikupa mzima. Alikuwaga anajaza mlango huu. Leo amebaki fimbo. Tumekuja kumchukua. Mambo ya ng'ombe tutazungumza baadaye."

Enos akakuna kichwa tena. Bibi Esta akajifunika uso kwa kanga.

"Kaka, shikamoo yangu umeshaipokea, sasa nisikilize," Nyamburi akasema, amesimama wima. Mwanamke kusimama hivyo mbele ya baba zake, makubwa! "Hakuna wa kunichukua. Mkinipakia kwenye hiyo pikipiki, nitarudi hapa kwa miguu, na miguu ninayo. Nimekonda kwa kutaka mwenyewe."

"Mtu mwenye akili hakondi kwa kutaka!" akafoka baba mdogo mmoja.

"Basi sina akili, baba. Lakini nimepimwa tena mwezi uliopita, sukari haijapanda, na ile homoni iliyokuwa chini imeanza kupanda." Akamtazama Wanzagi. Hakushusha sauti. "Kaka, hospitali walipotukabidhi mguu wa mama tukauzike, nani alichimba shimo?"

Wanzagi akatazama sahani yake.

"Nakuuliza, nani?"

"Mimi."

"Na mwaka uleule ukachimba la pili. Mimi sitaki unichimbie mara mbili."

Bibi Esta alishusha kanga usoni, akamwangalia mkwewe kana kwamba ndiyo kwanza analetwa nyumbani. Nyamburi naye alikuwa haangalii mtu. Alikuwa anaangalia ndala za kaka yake.

"Hicho kidole kina muda gani?" akauliza.

Wanzagi akaurudisha mguu chini ya kiti. "Jiwe tu lilinikwaruza shambani."

"Lini?"

"Pasaka," akasema kwa sauti ndogo, na Pasaka ilikuwa imepita miezi mitatu.

Nyamburi akachukua sahani yenye ugali mkubwa iliyokuwa mbele ya kaka yake, akaiondoa.

"Baba zangu, kuleni, kisha mrudi salama Nyamuswa," akasema. "Kaka harudi nanyi. Kesho asubuhi mimi ndiye ninayemchukua, tunakwenda Musoma."